Baiskeli Iliyozimika Kwenda Tu

Fundi Mfaume Dadi alikuwa na desturi iliyowaudhi wateja wenye haraka. Ukimpelekea betri kuichaji, hakuipokea mpaka uchore alama yako ubavuni kwa msumari, kwa mkono wako mwenyewe. Ukirudi kuichukua hakukupa mpaka uiname, uitafute alama ile, useme, "Ndiyo yangu." Watu walimcheka. Yeye alisema betri zote ni nyeusi na binadamu ni mwepesi wa kusahau.

Kwao ni Dimani. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akihudumia injini ya kivuko cha Rufiji. Daraja jipya lilipofunguliwa kivuko kilipumzishwa, naye akapumzishwa. Hakurudi kulima. Alikuja kwetu Bungu na jenereta kuukuu, akajenga kibanda kando ya barabara kuu, akaanza kuchaji betri za redio na za mabanda ya video. Umeme wa nguzo hatukuwa nao, lakini vitu vya kutumia umeme vilikuwa vimejaa. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na kila basi kutoka Dar es Salaam lilishusha feni, pasi, redio za kaseti. Watu walinunua kwanza, umeme wakauwaza baadaye.

Ndivyo ilivyofika baiskeli ya umeme, mwaka 2004. Baba yangu mdogo, Zaidi, mwenye duka Kariakoo, alimpelekea dada yake, shangazi yangu Biasha, ambaye goti lilikuwa limeanza kumsumbua. Shangazi aliuza vitumbua. Alivipika alfajiri, akavipeleka shuleni, mwendo wa kilomita sita kwa njia ya udongo yenye mashimo. Baiskeli ilikuwa na mota kwenye gurudumu la nyuma na sanduku la betri chini ya kiti. Kila mchana alilichomoa sanduku akalipeleka kwa Fundi Mfaume, akachora alama yake, nyota ndogo, akalifuata jioni.

Wiki mbili mambo yalikwenda vizuri. Kisha baiskeli ikaanza kuzimika njiani. Shangazi alikuwa akienda vizuri, mara mota inanyamaza, anabaki kukanyaga pedeli kwa goti lile lile bovu. Mbele kidogo mota inaamka, halafu inanyamaza tena. La ajabu ni kwamba ilizimika asubuhi tu, wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi ilikimbia kama kawaida.

Fundi Mfaume aliishughulikia siku tatu. Alifungua sanduku, akapima kila betri kwa balbu ya gari, akakaa kuitazama balbu mpaka chai yake ikapoa. Alikwangua vichwa vya betri kwa msasa, akakaza waya mmoja mmoja. Kisha akapakia gunia la mahindi nyuma, akaiendesha mpaka shuleni na kurudi. Haikuzimika hata mara moja.

"Betri ikichoka, imechoka," alimwambia shangazi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu. "Haiwezi kufa asubuhi ikafufuka saa nne. Kuna kitu unakuwa nacho ukienda, ukirudi huna. Unabeba nini, Bi Biasha?"

"Si vitumbua, fundi. Wewe unavila kila siku."

"Unaviweka wapi?"

Shangazi akavuta kanga yake kichwani. "Wewe tengeneza baiskeli. Vitumbua niachie mwenyewe."

Mzee Sadallah, kinyozi wa kibanda cha jirani, akacheka mpaka wembe ukasimama. "Bwana Mfaume, sasa unataka na kapu la mwanamke ulifanyie sevisi?"

Fundi hakucheka. Alisema angependa asubuhi moja aifuate baiskeli nyuma aone inavyokwenda. Shangazi, mjane mwenye heshima zake, alimjibu kwamba watu wa Bungu wana macho, na mwanamume hamfuati mwanamke alfajiri akasema anatazama gurudumu.

Jioni ile shangazi alinipa kijitabu cha maelekezo kilichokuja na baiskeli, kilichoandikwa Kiingereza. Walikuwapo majirani wawili wametoka kununua unga, nao wakabaki kusikiliza.

"Hanifa, wewe ndiye msomi wetu," alisema. "Kinasemaje?"

Nilipata ukurasa upesi. Nguvu inapokatika ukiwa unaendesha. Sababu ya kwanza ilisema betri imechoka, au imebadilishwa kwa betri isiyo ya aina yake. Niliisoma kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo. Chini yake palikuwa na sababu ya pili, kuhusu swichi iliyomo ndani ya mkono wa breki. Niliipitisha macho. Sikujua niieleze vipi, na sikupenda kuonekana nasitasita mbele ya watu waliokuwa wakiningoja. Tena nilijiambia, nani anafunga breki huku anataka kwenda? Nikafunga kijitabu.

"Imebadilishwa," alisema jirani mmoja. "Umesikia, Biasha?"

Shangazi alisikia. Mimi nilijua amesikia, nikanyamaza.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Watu walipotoka kuswali, wengi walipita kibandani kuchukua betri zao. Shangazi alifika hapo akasimama barabarani, hakuingia.

"Fundi, nirudishie betri zangu."

Fundi Mfaume akamletea sanduku. "Hizi hapa. Tazama alama yako, Bi Biasha."

"Alama hata mimi naweza kuchora. Kitabu kimesema betri zimebadilishwa. Kasoma mtoto wa chuo kikuu, si mimi."

Wote walinigeukia. Nilikuwa hatua tatu nyuma ya shangazi, natazama viatu vyangu. Fundi naye alinitazama. Nadhani alikuwa akinipa nafasi ya kusema. Alipoona sisemi, alivua kofia, akaifuta jasho kwa ndani, akaivaa tena.

"Sawa, mama," alisema.

Hakujitetea zaidi ya hapo. Mtu mmoja akainama kuitazama betri yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mwingine akaomba yake ingawa haijajaa. Hadi wiki ya pili, betri zilizokuwa zikijipanga mpaka nje ya kibanda zilibaki nne, na wenye mabanda ya video walikuwa wakizipeleka zao Kibiti kwa basi. Jenereta, ambayo mtaa mzima ulizoea kuilalamikia kwa kelele, ilinguruma saa moja tu kwa siku. Nilipopita, nilipita upande wa pili wa barabara.

Kisha goti la shangazi likavimba, nikaenda na vitumbua mimi. Alinifungasha mwenyewe. Kapu la ukili lililojaa hakulifunga nyuma, alilitundika mbele, kwenye usukani, upande wa kushoto.

"Shangazi, nyuma si kuna keria?"

"Chakula cha watu hakikai nyuma ya makalio, mwanangu. Utakula wewe kitumbua kilichosafiri hapo? Na usimwambie mtu kuwa nimekutamkia hivyo."

Nilikwenda vizuri mpaka kwenye mashimo ya kwanza. Mota ikanyamaza. Nikakanyaga pedeli. Njia iliposawazika ikaamka, na kwenye shimo lililofuata ikanyamaza tena. Nikasimama. Kapu lilikuwa zito, na mshikio wake wa ukili ulikuwa umelala juu ya mkono wa breki, umeuvuta kidogo, unene wa kidole, kiasi ambacho gurudumu halikuhisi. Nililinyanyua kapu kwa mkono mmoja, nikaiwasha mota. Ikavuma. Nikaliachia. Ikanyamaza.

Nilijua kabla sijarudi nyumbani kukifungua kijitabu. Sababu ya pili ilikuwa mistari miwili tu. Mkono wa breki ukivutwa, hata kidogo, swichi huikatia mota umeme. Hakikisha hakuna kitu kinachougusa.

Nilimwambia shangazi. Aliendelea kuchambua mchele ambao alikwisha kuuchambua.

"Basi tumejua," alisema mwishowe. "Kapu nitalibeba begani. Yaishe."

"Na Fundi Mfaume?"

"Nimwambie nini sasa, Hanifa? Kwamba nilimwita mwizi kwa sababu ya makalio yangu?"

Yeye alikosea kwa kutojua. Mimi nilikuwa nimekiona kile alichohitaji kujua, nikakifunga.

Nilikwenda peke yangu, Jumatano, saa ambayo nilijua hakuna watu. Fundi alikuwa akipaka rangi ubao wake uliokwisha kupakwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza kapu, nikamweleza breki. Uso wake ulifunguka kwanza kwa furaha ya ufundi tu, akarudia polepole, "Akienda limejaa, akirudi ni tupu." Kisha akanyoosha kidole kwenye kijitabu. "Imeandikwa humo?"

"Imeandikwa."

"Siku ile uliiona?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeaminiwa.

"Niliiona."

Akairudisha brashi ndani ya kopo. "Asante kwa kuja. Lakini mimi sikuambiwa Jumatano, mwanangu, tukiwa wawili. Niliambiwa Ijumaa. Jambo liliposemwa, hapo hapo lisemwe tena."

Siku mbili zile sikula vizuri. Shangazi nilimweleza ninakokwenda. Hakunikataza, hakusema atakuja. Ijumaa watu walipotoka kuswali nilisimama mbele ya kibanda, kijitabu mkononi, nikasoma mistari ile miwili. Nikasema betri hazikubadilishwa, na kwamba niliyaona maneno hayo tangu siku ya kwanza nisiyaseme.

"Sauti," alisema Fundi Mfaume kwa upole. "Shangazi yako siku ile alisikika mpaka kwa kinyozi."

Nikaanza upya, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mzee Sadallah aliweka mkasi chini. Nilipofika kwenye neno "nisiyaseme" nililisema kwa sauti ile ile.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alikohoa. Mwenye banda la video aliuliza bei ya kuchaji ingawa aliijua, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kurudi. Wengine hawakurudi mpaka mwaka ule ulipokwisha, na wapo ambao hawakurudi kabisa.

Nilipogeuka kuondoka nilimwona shangazi. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, ameshika baiskeli, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alivuka akiisukuma, akaisimamisha mbele ya fundi, macho chini.

"Bwana Mfaume," alisema. Hakuweza kuendelea.

Fundi aliutazama usukani. Kisha akachukua kipande cha nondo nyembamba, akakiweka juu ya usukani, mbali na mkono wa breki, akapima kwa shibiri.

"Kulabu ya mbele, ya kutundikia kapu," alisema. "Kwa nini si ya nyuma, sitathubutu kukuuliza."

Shangazi akaficha uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, na nilikuwa karibu naye kiasi cha kujua kwamba hakuwa akicheka tu.