Ndege ya Siku Nne

Chekeni tu, nimeshazoea. Binti yangu Tumaini alipokwenda Dubai kuchukua mzigo wa duka, mimi, mwenyekiti wa akina mama kanisani hapa Kyimo, nilipima njia yake kwa uzi kwenye ramani. Kutoka Dar mpaka Dubai ni mara nne ya huku kwetu Tukuyu mpaka Dar. Basi letu la Dar linakula siku nzima, kwa hiyo ndege ingekaa angani siku nne! Nikatangaza tuombe kwa zamu mpaka itue.

Wenzangu wakaacha chai haijachumwa, wakaleta ndizi na maziwa, tukapika masufuria ya kututosha siku zote hizo.

Jioni ile ile simu ikalia. Nikaiweka sauti kubwa.

"Mama, nimefika Dubai salama."

"Ndaga fijo, Kyala!" nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. "Akina mama, maombi yetu yameisukuma ndege!"

Vigelegele! Wakaninyanyua juu kama bibi harusi, nami nikacheza huko huko juu.

Kumbe sikuikata simu. Ikasema mkononi mwangu: "Maombi gani tena, mama? Hii ndege kila siku inachukua masaa matano tu."

Vigelegele vikakatika. Wakanishusha taratibu, katikati ya masufuria.