Fundo la Kuloweshwa kwa Mate

Kabla ya Uhuru baba yangu alikuwa mpishi wa mapadri huko Rubya. Padri mmoja mzungu alipenda kuvua mtoni kwa ufito mwembamba na ndoana iliyovikwa manyoya, na kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu, alimfundisha baba kumuungia mishipi. Mshipi wenyewe ulikuwa mnene na ulielea. Mbele yake kiliungwa kipande kizito cha kuzama, na mbele ya hicho nailoni nyembamba ambayo samaki haioni. Vitu vitatu visivyofanana, na vyote vilipaswa kuvuta kama kimoja. Baba alinirithisha kazi hiyo mimi, mwanawe wa pekee, tukiwa tumemaliza rozari.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, upande wa Muleba, vidole vya baba vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Jembe hakuweza kulishika, na shamba la pamoja halikumsamehe mtu ila mwenye kazi nyingine ya kijiji. Akasema kufunga mafundo bado anaweza, akapewa kazi ya kuwaungia wavuvi mishipi. Wao walikuwa wakiunga nailoni kwenye kamba ya pamba kwa fundo lile lile la kufungia mbuzi. Nailoni huteleza, fundo huchomoka, ndoana hubaki ziwani. Baada ya baba kuanza kazi, ndoana zilirudi, na ningu na kambale wakaja nazo.

Lakini aliyefunga hakuwa baba. Nilikuwa mimi, ndani, mlango umerudishwa. Kwa wavuvi wetu mwanamke hakuruhusiwa hata kuruka mshipi uliolala chini, sembuse kuushika. Na fundo lile kabla ya kulikaza unalitia mdomoni, unalilowesha kwa mate. Ukilikaza kavu, nailoni huungua kwa msuguano, ikadhoofika bila wewe kuona. Kwa hiyo mate ya msichana yalikuwa yakienda ziwani kila asubuhi, na wanaume wakamsifu baba.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji aliwakusanya wavuvi ufukoni, akamwekea baba kigoda.

"Mzee, wafundishe hawa vijana. Ujuzi ni mali ya kijiji."

Baba alichukua kamba na nailoni. Alizungusha mara moja, ikamponyoka. Akajaribu tena, ikaanguka mchangani.

"Tata, leo uzi unakukimbia?" mvuvi mmoja akamtania, akimwita kama mtoto amwitavyo baba yake, na wenzake wakacheka.

"Kama vidole vimechoka, mzee," mwenyekiti alisema, "useme. Jumatatu utakuwa shambani na wenzako, nasi tutatafuta mwingine."

Nilikuwa nimesimama mbali, na wanawake wenzangu waliokuja kuchukua samaki. Nilitembea hadi pale, nikapita juu ya mishipi yao yote, nikaokota kamba ile. Nailoni niliizungusha mara tano, nikapitisha ncha katikati, nikatia fundo mdomoni, nikalikaza. Halafu nikamkabidhi mwenyekiti.

"Vuta, waitu," nilimwambia kwa heshima.

Alivuta. Akavuta tena kwa mikono miwili.

"Nani kakufundisha?"

"Huyo unayetaka kumpeleka shambani. Na mishipi yote mliyovulia tangu masika nimeifunga mimi."

Baba aliangalia chini.

"Ikateni yote," mwenyekiti akasema.

Mvuvi mkubwa kwa umri akajikohoza. "Tukikata, ndugu mwenyekiti, mingine tutatoa wapi? Dukani kuna chumvi tu."

"Basi afunge, lakini asilambe. Alambe mwanamume."

"Sawa," yule aliyemtania baba akasema, "nani anaanza?"

Hakuna aliyejitokeza.

"Nikifunga mimi, nalamba mimi," nilisema. "Na baba anakaa hapa hapa kwenye kigoda, anasema ninapokosea. Kama hamtaki, mafundo ya mbuzi mnayajua."

Sikuondoka, wala sikuinamisha kichwa. Mwenyekiti aliniambia nisimalize nailoni kwa majaribio, akaenda zake. Ruhusa haikuwahi kutamkwa. Mvuvi yule mzee aliketi mbele yangu akanishikia ncha ya pili ya kamba.

Baba hakugusa jembe hadi alipofariki. Kwa hilo namshukuru Mungu kila nisalipo. Jumamosi iliyofuata siku ile ya ufukoni nilikwenda kuungama. Niliungama kwamba kwa miezi mingi niliwaacha watu waamini uongo. Padri akaniuliza kama kuna jingine, kwa maana habari ya kuruka mishipi ilikuwa imeshamfikia. Nikamjibu kwamba jingine halikuwa dhambi, na hata leo, na uzee wangu huu, sijabadili neno.