Chai Aliyopewa Mwau

Mwau alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu alirudi Kalamba, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, ekari nne za maembe na ndengu. Katika pembe ya juu ya shamba hilo, kando ya mstari wa mikonge, kulikuwa na kaburi la mtoto wake wa pekee, Kaveke, aliyefariki akiwa darasa la sita. Watu hawakuacha kumwita Baba Kaveke, na mkewe Mutanu wakamwita Mama Kaveke. Mimi nilimjua Mwau kwa jina la Baba Kaveke kabla sijalijua lake mwenyewe.

Nilimjua kwa sababu alinunua nyumba nilizokuwa nikizitunza.

Mvua ilikuwa imekosa misimu mitatu, na maembe yaliyobaki yalioza kwa sababu ya nzi wa matunda. Jumapili moja, baada ya ibada, mtu mmoja mwenye suti alifundisha watu wa kanisa lao habari za nyumba za kupangisha. Alisema shamba hulala njaa pamoja na mwenyewe, lakini mpangaji hulipa kodi hata mbingu zikikauka. Mwau alinunua daftari la shule akaandika yote aliyofundishwa. Nunua karibu na hospitali, shule au soko. Kagua hati katika ofisi ya ardhi. Muulize chifu kama ploti ina kesi. Pima mwenyewe. Ongea na wapangaji.

Alifika Mutomo na daftari hilo likiwa ndani ya koti. Nyumba zilikuwa za Evanson Ndululu, mfanyabiashara wa mbao: vyumba kumi kwa mstari, vyoo na bafu mwishoni, na kisima cha mashine uani. Mimi nilikuwa fundi wa mifereji na mwangalizi wa ploti, nikikaa chumba cha kwanza. Sijawahi kuona mnunuzi mwangalifu kama yule. Alipanda ngazi akaangalia mabati. Aligonga kuta kwa vidole. Alifungua vyoo vyote, hata kile ambacho mlango wake ulikuwa unakwama. Hati ilikuwa safi, chifu hakuwa na neno, na vyumba saba vilikuwa na watu, wengi wao wakifanya kazi karibu na hospitali. Kila alipomaliza jambo alilitia alama kwenye daftari.

Ilikuwa Novemba na mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo. Tenki la maji ya mvua lilikuwa limejaa mpaka linamwagika.

Alipomaliza alinawa mikono kwenye mfereji wa uani, uliotoa maji ya kisima. Akasugua sabuni, akasugua tena.

"Hii sabuni yenu haitoi povu," alisema.

"Baba, sabuni za siku hizi ni jina tu," Evanson akamjibu akicheka. "Njoo unywe chai kabla haijapoa."

Chai ilipikwa na mke wa Evanson kwa maji ya tenki. Kwetu mgeni hupewa chai, na mgeni akiiweka kando aombe maji, ni kama amesema chai ya mwenyeji ni mbaya. Mwau alikuwa mtu wa adabu. Alikunywa vikombe viwili na mkate. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza nikinywa changu. Mwaka huo nilikuwa nimebadilisha mifereji mara mbili, maana chumvi ya kisima kile ilikuwa ikila chuma kama mchwa anavyokula mbao.

Mwau alinigeukia. "Fundi, maji hayakauki hapa?"

"Hayajawahi kukauka," nikasema.

Ilikuwa kweli. Evanson alinimiminia chai nyingine.

Shamba la Kalamba lilinunuliwa na mtu anayeitwa Kisilu. Mutanu alikataa kutia sahihi kwa mwezi mzima. Alinieleza yeye mwenyewe baadaye jinsi walivyobishana.

"Na mtoto?" alimuuliza mumewe.

"Kisilu amesema tutakuwa tunaenda kumwona."

"Tumwone kwa ruhusa ya nani? Ya Kisilu?"

Mwishowe alitia sahihi, kwa kuwa chakula kilikuwa kimeisha ghalani na mumewe alikuwa na daftari lenye alama nzuri kila mstari. Walifika na lori mwezi wa Desemba, wakaingia chumba cha tatu, ambacho kilikuwa hakina mtu. Mwau aliniomba nibaki kazini. Nikabaki.

Kufika Februari tenki lilikuwa limekwisha, na watu wakaanza kutumia mfereji. Asubuhi ya kwanza Mutanu alipika chai, maziwa yakakatika. Akadhani maziwa yamelala. Akapika tena kwa maziwa ya kukamuliwa asubuhi ile, yakakatika. Mwau alichota maji kwa kiganja akayaonja, akabaki amesimama pale uani bila kuyatema wala kuyameza.

Alikwenda dukani kwa Evanson siku hiyohiyo. Nilimsindikiza, nikasimama nje karibu na mbao.

"Ulinificha," Mwau alisema.

"Nilikuficha wapi? Mfereji ulikuwa uani, wewe mwenyewe ukanawa," Evanson akamwambia. "Uliomba maji nikakunyima?"

Mwau aligeuka akatoka dukani. Alirudi akatoa daftari akalisoma upya, akitafuta mahali palipoandikwa maji. Hapakuwa na mahali.

Alijaribu kuziendesha nyumba zile kwa njia nzuri. Alinunua maji kwa wenye punda, akampa kila mpangaji mitungi miwili kwa siku, mpaka uwezo ukaisha. Alipaka rangi, ikatoa malengelenge kabla ya miezi miwili. Nyumba zenyewe zilikuwa zimejengwa kwa maji yale, simiti imekorogwa nayo, na chumvi ilitoka ukutani kama unga mweupe. Plasta ilibambuka kutoka chini mpaka magotini. Milango ya chuma iliozea kwenye vizingiti. Nilikata sehemu mbovu nikaunga vipande vipya, navyo vikaoza.

Kijana mmoja wa pikipiki, Kimeu, alikuwa chumba cha nane. "Baba Kaveke," alisema asubuhi moja akinawa uso, "andika hapo nje Bahari ya Chumvi. Watalii watakuja kulipa waelee."

"Nawe utakuwa wa kuwaokoa," Mwau alijibu.

"Mimi? Mimi nitakuwa nimekauka kama omena."

Tulicheka sote, hata Mutanu. Wiki iliyofuata Kimeu alihama. Alimpa Mwau mkono kwa heshima na kumwambia ana mgonjwa nyumbani. Wote walipohama walikuwa na mgonjwa nyumbani. Kufikia mwaka wa tatu wapangaji walibaki wawili.

Mwaka huo ndio Mwau alianza kukonda. Alipelekwa hospitali kubwa ya mbali, wakampasua tumbo, wakaona uvimbe ulipofika, wakamshona. Alirudi Mutomo akijua. Hakuzungumzia ugonjwa. Alizungumzia pembe ya juu.

Alikwenda Kalamba akaongea na Kisilu. Kisilu si mtu mbaya. Alisema pembe ile yenye mikonge hajailima bado, na anaweza kuirudisha kwa bei aliyoinunulia, lakini atasubiri mpaka mwisho wa mavuno ya ndengu tu, kwa kuwa yuko mtu mwingine anayeitaka.

"Nataka nilazwe pale alipo mtoto," Mwau aliniambia. "Hilo tu, Nthiwa. Nikiuza hizi nyumba nitalazwa pale, na Mama Kaveke atakuwa na mahali pa kujenga."

Hakuwa na ndugu wa kumpa ardhi. Shamba lile ndilo lilikuwa kwao.

Nikaeneza habari sokoni kwamba ploti inauzwa. Novemba hiyo, mvua ikiwa imeanza, wakaja mtu na mkewe kutoka mmoja wa miji ya barabara ya Mombasa. Gikonyo na Wangui, watu wa duka la vifaa vya ujenzi. Walikuwa wamefunga biashara yao kubwa na walitaka kitu cha kuwalea uzeeni. Gikonyo alikuwa mtu wa maneno mengi. Aligonga kuta kwa vidole vilevile alivyogonga Mwau.

"Hii plasta, mzee?"

"Inahitaji kurekebishwa," Mwau alisema.

"Plasta si shida, simiti ninayo. Hati?"

"Hati ni safi."

"Hospitali iko hapo. Stima ipo. Mama Shiko, unaonaje?"

Wangui alisema anaona pazuri. Walinawa mikono, na Gikonyo akatikisa sabuni akaicheka. Mutanu alikuwa ametayarisha chai. Tenki alilifunga kwa kufuli tangu mvua ya kwanza, ufunguo akauvaa shingoni, na chai ile ilikuwa nzuri sana. Gikonyo alimaliza kikombe akaongezewa. Alitaja bei ambayo ingetosha pembe ya juu na chumba cha mabati juu yake. Mutanu aliinamisha kichwa, midomo yake ikawa inatembea. Nilijua anaomba.

Mwau alikuwa hajagusa chai yake. "Nthiwa," alisema, "waletee wageni maji ya kunywa."

Nilisimama. Sijui kwa nini mdomo wangu ulifunguka siku hiyo na haukufunguka ile nyingine. Niliuliza, "Ya wapi?"

Gikonyo alitazama juu.

"Baba Kaveke," Mutanu alisema polepole, "wageni wameshakunywa chai."

"Ya mfereji," Mwau aliniambia. "Chai hata mimi nilipewa."

Nilileta glasi mbili juu ya sahani. Gikonyo alipiga funda moja, akaruka mlangoni akatema. "Ngai! Mzee, haya ni maji au ni supu? Mtu anapikia nini hapa, ugali usiotiwa chumvi?"

"Baba Shiko, nyamaza," Wangui alisema. Yeye alionja kidogo, akaweka glasi chini. Alimtazama Mwau, akatazama nguo zilivyomlegea mwilini, na nadhani alielewa zaidi ya maji. "Asante kwa kutuonyesha," alisema. "Wengine hawangetuonyesha."

Waliondoka bila kubishania bei. Mutanu alikusanya vikombe. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Wale ni watu wa mbali," alimwambia mumewe. "Hungewaona tena."

"Hata sisi tulikuwa watu wa mbali."

"Umenitoa nyumbani mara mbili," alisema, akaenda kuosha vyombo. Hawakuongea tena mpaka Jumapili.

Siku moja ya wiki hiyo Mwau aliniita nikae naye nje ya chumba cha tatu. Daftari lilikuwa magotini pake.

"Siku ile ya Evanson, ulijua?"

"Nilijua."

"Nami nilikuuliza."

"Uliniuliza kama yanakauka," nikasema.

Niliona kama atakasirika, na ningefurahi angekasirika. Badala yake alinipa kalamu akaniambia niandike. Niliandika maneno yake, na bado ninalo daftari, ndiyo maana nayaweka hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kununua nyumba upande huu wetu. Usiende kuona nyumba wakati wa mvua, nenda Septemba. Kunywa maji ya mfereji kabla ya chai, mwenyeji akikasirika akasirike. Usimuulize mpangaji aliyeko, mtafute aliyehama umuulize kwa nini alihama. Sabuni isipotoa povu, uliza. Muulize fundi peke yake, mwenye nyumba asipokuwepo, na umuulize mara mbili.

Nikadhani amemaliza. Kisha akasema, "Andika hivi. Usiuze mahali utakapozikwa." Nikaandika.

Mavuno ya ndengu yaliisha Februari. Kisilu alipiga simu, akasubiri wiki mbili zaidi, akauza. Mwenye kununua alizungusha waya siku ya tatu. Mwau alifariki Machi, kabla ya mvua.

Wazee wa kanisa walikaa uani kuamua. Mmoja alitaja makaburi ya serikali. Mutanu aliwaambia huko huzikwa watu ambao hawajulikani walikotoka, na mume wake anajulikana. Alisema atazikwa kwenye ploti, kwa kuwa ndiyo ardhi aliyokuwa nayo. Msaidizi wa chifu alikuja, akatazama, akakubali. Nafasi pekee ilikuwa kati ya chumba cha kumi na tenki. Wapangaji wawili waliobaki waliomba radhi wakahama siku hiyo, kwani mlango wa bafu ungefungukia kaburini. Hawa hawakutaja mgonjwa.

Tulichimba watu wanne. Kufikia kiunoni tulikuta mwamba, tukatumia tindo mpaka mchana wa siku ya pili. Mchungaji alisali kwa ufupi kwa sababu ya jua.

Watu walipoondoka nilibaki nikoroge simiti ya kufunikia. Nilichukua ndoo nikaenda kwenye mfereji, kama nilivyofanya kwa kila ukarabati wa nyumba zile.

"Nthiwa," Mutanu aliniita. "Siyo hayo."

Alivua ufunguo shingoni akafungua kufuli la tenki. Maji yalikuwa yamebaki chini kabisa, na ilibidi niingize mkono wote na kikombe. Yalijaza ndoo mbili. Hakuna yaliyobaki ya chai ya waombolezaji, wala ya kesho yake.

Ni mwaka wa pili sasa. Vyumba vyote kumi ni vitupu isipokuwa changu na cha tatu. Plasta imebambuka mpaka madirishani. Ile ya kaburi bado ni nzima, haijatoa chumvi, na Mutanu huipangusa kila asubuhi kwa kitambaa kikavu.