Maji Yaliyokuwa Ndani ya Filta

Mtaani kwetu Mkolani watoto wote tulijua kwamba dereva akizama ziwani asipatikane, lori lake huanza kutapika maji. Niliamini hivyo kuliko nilivyoamini kwamba ugali hushibisha. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la Fuso. Siku moja aliliacha uani, akapanda mtumbwi wa jirani kwenda msibani Busisi. Upepo ukaupindua, ziwa likamrudisha jirani peke yake. Fuso likabaki linanuka dizeli na dagaa, harufu nzito ambayo, naapa, ingeweza kumsimamisha ng'ombe njiani. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepotea zamani, na baba alikuwa ameliziba kwa kitambaa alichochana kwenye shati lake. Kwetu cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaanuliwe, na matanga ya mtu asiye na kaburi hayana haraka: ndugu walimngoja masika nzima, mvua ikinyesha hadi vyura wakatafuta pa kujikinga.

Matanga yalipoanuliwa, baba mdogo Masanja akakabidhiwa lori. Alipoliwasha likakohoa kama mzee wa tumbaku, likazima. Akaliwasha tena, likakohoa, likazima. Wahenga wanasema mfa maji haachi kutapatapa. Mimi nilidhani walikuwa wanalisema Fuso letu. Nikamwambia mama, "Unamsikia baba?" Mama akaingia ndani.

Kesho yake baba mdogo akaja na filta mpya ya dizeli. "Sogea huko, utanuka mpaka wachumba wakukimbie!"

"Usiibadilishe, baba mdogo. Baba yumo humo."

Akacheka, akauona uso wangu, akaacha. Akaifungua filta ya zamani, akaimimina kwenye chupa ya kioo aone kilichomo. Dizeli ikapanda juu. Chini yakatulia maji, maangavu, yakinitazama kama jicho. "Maji," akasema kwa sauti ndogo, akageuka kutazama upande wa ziwa. Hapo nikajua naye anaogopa. Akamwaga tangi lote, akafunga filta mpya, akapampu kutoa hewa. Lori likaunguruma bila kikohozi hata kimoja, nami nikalia hadi kuku wakahama ua. Nilikuwa nimempoteza baba kwa mara ya pili. Chupa akaniachia.

Siku hizi malori yanapita darajani kutoka Kigongo hadi Busisi kabla dereva hajamaliza kutafuna kipande cha muwa, na hakuna anayeyatazama maji. Mimi huyatazama. Chupa ile nimehama nayo hadi Buswelu, nimemaliza nayo shule ya jioni, nimeoa nayo. Mke wangu huifuta vumbi bila kuuliza. Mwaka huu mama alikuja kututembelea, akaikuta dirishani.

"Na hii?"

"Ni baba huyo, mama."

Akaichukua, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ni mvua, mwanangu. Masika ile yote nilisimama mlangoni nikiitazama inapenya kwenye kile kitambaa cha tangi. Hatukuruhusiwa kukigusa."