Ukoko wa Nyanya

“Kuku moja tu! Wewe iko na meza ya vitabu sokoni Arua, halafu unapanda gari mpaka Koboko kulilia kuku?”

Shangazi yangu aliniambia hivyo mwezi uliopita, ameketi mlangoni pake anachambua mtama. Nikamjibu kwamba si kuku tu. Alikuwa jike, mwekundu, na alikuwa ameatamia mayai tisa. Niliyahesabu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka minane kuku huyo aliponitoka. Baba yangu alikuwa askari, kambini mbali, nami nililelewa na mama yake, Nyanya, hapo hapo Koboko. Shangazi na mwanawe Rasuli walikaa ua mmoja nasi. Siku chache kabla ya Idi sukari ya Shangazi ikapotea, mfuko mzima, na watoto wa ua ule tulikuwa wawili tu.

Nyanya hakuwa na fimbo. Alikuwa na ukoko. Enya, ugali wetu wa muhogo, ikigandamana chini ya sufuria, yeye aliubandua ule ukoko na kuuanika mpaka ukawa mgumu kama kigae. Ukishukiwa jambo, unapewa kipande, unatafuna mbele ya watu bila maji. “Mdomo ya kweli inafanya ukoko tamu,” alisema. “Mdomo ya mwizi inakauka.” Hata majirani walimletea kesi zao.

Asubuhi ile nilianza mimi. Sukari ile sikuwa nimeonja hata chembe. Lakini Shangazi alinikazia macho, majirani wamejaa uani, na ulimi wangu ukawa kama kitambaa. Nikatafuna, nikatafuna. Nilipojaribu kumeza nikakohoa, makombo yakaruka mpaka kwenye leso ya Nyanya.

“Iko namna gani?” akauliza.

Ningeweza kusema tamu. Nilisema ukweli: “Iko kama mchanga.”

Watu wakaguna. Shangazi akaingia ndani kumwita Rasuli. Walikawia kidogo. Rasuli akatoka, akapokea kipande chake, akatafuna mate yakimtiririka mpaka kidevuni. “Tamu, Nyanya! Tamu sana!” Wakampigia makofi. Mchana kuku wangu akabebwa kwenda kwa Shangazi kuwa fidia, mayai yake yakimfuata nyuma ndani ya ungo. Nami nikabaki na jina. “Sukari, leo umebeba kijiko?” Watoto wa mtaa waliniita hivyo miaka mingi, na wengi wao niliwapiga.

Kitu kimoja nilikiona, nikakipuuza. Baada ya makofi, Rasuli alienda nyuma ya jiko akatema mbegu nyeusi inayong’aa. Mbegu ya ukwaju.

Shule niliiacha darasa la tano. Ninachojua nimekisoma mezani kwangu, kwenye vitabu vikuukuu, kabla ya kuviuza, maana simuuzii mtu kitu nisichokijua. Mwaka jana nikaletewa kitabu cha mwili wa binadamu, hakina jalada. Kilisema mate yana kimeng’enya kinachovunja wanga wa chakula kuwa sukari. Kilisema pia kwamba mtu akiogopa, neva zinayapunguza mate, mdomo unakauka. Na kitu kichachu kinayarudisha. Nikakifunga kitabu. Nikakifungua tena.

Siamini neno kwa sababu limepigwa chapa. Nilitafuna enya baridi, polepole, mteja ananishangaa: ikawa tamu. Siku mbili baadaye niligombana na jirani yangu wa meza juu ya kivuli cha mwavuli, na kabla hasira haijashuka nikatafuna tena. Mchanga. Ule ule wa Koboko. Nilikaa chini, wala vitabu sikupanga tena siku hiyo.

Nyanya hakudanganya, Mungu amrehemu. Ukoko unakuwa tamu kweli. Ila haukujua sukari iko wapi. Ulijua tu nani anaogopa, nami niliogopa kwa sababu uani pale sikuwa na mtu wangu. Nawafikiria na wale wengine, waliokauka midomo mbele yake wakalipa mbuzi, wakalipa shamba. Sijui walikuwa wangapi.

Lakini ile mbegu ilikataa kuniacha. Ukwaju wa uji wa Ramadhani Shangazi aliutia kwenye kopo, akalitundika juu chini ya paa, mbali na panya. Rasuli alikuwa na miaka saba. Hata angepanda kiti asingelifikia.

Ndiyo maana nilipanda gari.

“Shangazi,” nikamwambia, “nani alimpa Rasuli ukwaju?”

Mkono wake ukasimama ndani ya mtama. Nilidhani atanifukuza.

“Mtoto ilikuwa inatetemeka,” akasema mwishowe, bila kuniangalia. “Sukari iko mpaka kwenye nywele yake. Wewe ulitaka mimi nifanye nini?”

“Na mimi nilikuwa natetemeka.”

 Aliinuka kwa shida, magoti yake ni ya kizee sasa, akaleta birika na kikombe, akanimiminia.

“Kunywa chai, binti ya kaka yangu. Nimetia sukari mingi.”

Nikakitazama kikombe. Sikukigusa.

“Jike,” nikamwambia. “Mwekundu. Na mayai tisa.”