Rovu la Wifi Zubeda

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Maduka ya Tanga yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya ile dhiki ya kupanga foleni ya sabuni. Ndiyo miaka ambayo mtu akikonda tu, watu wameshamhukumu: ana ukimwi.

Wifi yangu Zubeda, mke wa kaka, alizaliwa huko juu Amani, ambako wengi enzi zile walikuwa na rovu shingoni kwa kukosa madini joto kwenye chakula. Lake alikuja nalo kwetu Chumbageni, na hakuna aliyelijali. Kisha akaanza kukonda. Anakula kutushinda sote, na nguo zinampwaya. Mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka naye amekaa tu. Mama akamtengea kikombe. Kaka, mume mzima, akahamia chumba cha uani!

Siku ya khitma ya babu, wanawake tulikaa kwenye sinia moja. Zubeda akanyoosha mkono, na wote wakaondoa yao. Bibi yangu, mzaa baba, akainuka alikokuwa, akaketi kando yake, akala pale pale alipomega Zubeda.

"Nani kampima huyu?" akauliza. "Uvimbe uko shingoni, mnauona kila siku, nyinyi mnachunguza mwenendo wake! Hamna haya?"

"Lakini mama, watu wanasema..." mama yangu akaanza.

"Watu ndio madaktari?"

Kesho yake nilimpeleka Zubeda hospitali. Daktari akampapasa shingo, akachukua damu. Ukimwi hana. Vinundu ndani ya lile rovu vilikuwa vinafanya kazi kupita kiasi. Alisema rovu la miaka mingi huweza kugeuka hivyo, hata mtu akishaanza kula chumvi yenye madini joto. Akapewa vidonge, mwili ukarudi.

Kaka naye akaja mbio, anamtaka mkewe.

"Nilipokuwa nakufa," Zubeda akamwambia, "ulikuwa chumba cha uani."

Akadai talaka yake, akapanda basi la Amani. Hakurudi tena.

Basi sikiliza, na usinune. Mkeo au mumeo akikonda, mpeleke akapimwe kabla hujafungua mdomo. Chumvi nunua yenye madini joto, na uvimbe wa shingo usiuzoee. Maradhi yalitibika, mwanangu, tulichomfanyia hakikutibika. Mungu akujaalie mwenza wa kukuuguza, na wako akiugua, akutie nguvu ubaki kando yake. Amin.