Damu ya Watoto wa Mwera

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara, Mshambaa mpole asiyecheka ovyo, alinipa darasa kabla hata sijavaa koti jeupe. "Binti, wengine hapa Tanga hutafuta vijidudu vya malaria. Sisi twatafuta kelele." Nikadhani nimeajiriwa na mwendawazimu.

Kumbe alikuwa na maana. Kijidudu kikiingia kwenye damu, chembe nyeupe hazingojei. Hutoa kemikali za kupigiana mbiu, ziitwazo saitokini. Hizo ndizo huamsha ulinzi, na hizo hizo huleta homa. Zikichelewa, vijidudu hutamalaki. Zikizidi, mwili hujiumiza wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuzipima, nazo hazina subira: damu iwekwe kwenye barafu papo hapo, izungushwe kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano, yaani plazima, yajitenge, kisha yagandishwe. Ukizubaa, umepoteza safari. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia.

Miaka ikapita, nikapandishwa kuwa kiongozi wa timu ya vijijini. Ndipo tukafika Mwera. Watoto wenye homa tuliwapa dawa, nasi tukaomba damu kidogo. Bibi Mwanakombo alikuwa wa kwanza kumleta mjukuu wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri tu, kisha akausukuma mkono wangu wenye sindano.

"Hiyo itakayobaki mwaitupa wapi?"

"Twaichoma, bibi, isimdhuru mtu."

"Mwaichoma? Kitovu chake nimekifukia kwa mikono yangu. Damu ya mtu hufukiwa, mwanangu, haichomwi kama takataka!"

Nyuma yake kina mama wakaanza kuwafunga watoto mgongoni. Mwera ikikataa, utafiti wetu wote umekwisha.

Nikampigia Mkuu simu, nikitegemea aniambie nibembeleze. "Usimbembeleze," alisema. "Muulize kama atapokea jivu." Bibi akafikiri, akakubali. Wenzake wakasema wao watangoja waone.

Vipimo vilipokwisha, tukayachoma masalio ya damu ile peke yake, nami nikalirudisha jivu Mwera ndani ya kopo.

Sasa nimestaafu, nimetulia zangu Makorora. Vijana wana mashine zinazosoma kemikali chungu nzima kwa tone moja, nami nawafurahia, na wivu kidogo ninao. Wakiniuliza siku gani nilijiona mtaalamu, siwatajii cheti. Nawatajia asubuhi ile Bibi Mwanakombo alipomaliza kufukia, akajifuta mikono kwa kanga, akawageukia kina mama: "Haya, leteni watoto. Hawa hurudisha."